Sahani ya Padri Mbio

Mama yao alikufa na lalamiko moja tu juu ya mwanawe wa kwanza: kwamba hakuwahi kukaa nyumbani akamaliza chakula. Mengine yote alimsamehe. Alimsamehe kuwa padri, alimsamehe kuwa mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, hata wajukuu ambao hakumletea alimsamehe. Ila hilo la chakula lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku zake za mwisho, akiwa amelala chumba cha nyuma, alimshika binti yake mkono na kumwambia, "Huyo kaka yako ana miguu ya moto. Akifa, mlete alale hapa ubavuni mwangu. Hapo hatakuwa na pa kukimbilia."

Binti alicheka, kisha akaona mama hacheki, akaahidi.

Miaka ikapita. Binti akawa bibi, akastaafu ukunga, na mahali pale kando ya kaburi la mama alipalilia kila majani yalipoota, bila kumwambia mtu kwa nini hapapandi kitu. Basi siku bruda mwuguzi alipompigia simu kutoka monasteri akasema, "Mama, Padri ameacha kula mkate wake mwenyewe, njoo," alijua amepigiwa nini. Aliwaambia wazee wa ukoo wawe tayari na majembe. Alimwamuru mwanawe mkubwa, fundi magari, afagie pikapu yake na kutandika godoro nyuma. Safari ikawachukua asubuhi nzima.

"Mama," mwanawe alisema njiani, "tunakwenda kumwona mjomba au kumchukua?"

"Tunakwenda kumwona. Kisha tutamchukua."

"Na yeye anajua?"

"Endesha gari."

Abate aliwapokea katika chumba cha wageni, chumba cha viti vigumu na sakafu iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Alikuwa na umri wa kuzaliwa na mama huyu, akamwamkia kwa adabu, akasikiliza ahadi ile tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, Abate alizungusha pete yake kidoleni.

"Kwa nadhiri yake, ni wetu," alisema. "Kwa damu, ni wenu. Sitaki tumvute huku na huku kama shuka kwenye kamba. Muulize mwenyewe. Akisema nyumbani, nitavua kanzu hii nipande pikapu nyuma, nimsindikize hadi shimoni."

Mkunga alikuwa amekuja na maneno ya kugombana. Hakupata wa kumrushia. Akayameza.

*

Tangu utoto kaka yake alikuwa wa mbio. Alitambaa siku chache tu, akaruka akaenda. Alijibu swali kabla halijafika mwisho, na mara nyingi alijibu lisiloulizwa. Alfajiri ya kwenda utawani, mama alimpakulia chakula, akaona chai haina maziwa. Akasema, "Kaa, nakuja sasa hivi," akatoka na birika kwenda kwa jirani. Jirani alikuwa bado hajakamua. Mama alisubiri. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu, sahani imeguswa pembeni tu, na mwana amekwenda zake. Alimwachia dada yake mdogo neno mlangoni: "Mwambie mama nimechelewa."

Hakuwa amechelewa. Gari lenyewe lilikuja jua limeshapanda. Mama aliifunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaiweka kabatini, na hakuruhusu mtu kuigusa. Walikula pembeni yake, ikilala pale, hadi ilipoanza kunuka na baba akaitoa mwenyewe. Dada mtu hakuisahau harufu ile. Kila kaka alipokuja likizo, amevaa kanzu nyeusi, anachekesha nyumba nzima, mama alimpakulia, naye alimega mara mbili tatu, akatazama saa, akainuka. Hata Misa ya mazishi ya mama aliisoma yeye, na waombolezaji walinong'onezana kwamba marehemu amepelekwa mbinguni kwa treni ya moja kwa moja.

Monasterini walimpa jina la Padri Mbio kabla hata hajawa padri. Abate wa zamani, mtu mkimya mwenye macho ya kipelelezi, aliona dawa yake ni tanuri. Akampeleka kuoka mikate, maana unga uliotiwa hamira haujui mtu ana haraka gani. Mwaka wa kwanza mikate ilitoka kama matofali. Abate aliamuru iliwe yote, ndugu wakaila, wengine wakiiloweka kwenye mchuzi na kumtazama kwa macho ya kudai. Mwaka wa pili ikawa inalika. Baadaye watu wa mjini walikuja wenyewe getini kuinunua, na ukimkuta Padri Mbio mbele ya unga uliofunikwa kitambaa, amekaa juu ya gunia, mikono amejifumbatia kwapani ili isiufunue, ungemhurumia.

Mbio zake zilikuwa na faida yake. Mtu akitumwa kuomba padri aende kwa mgonjwa, Padri Mbio alifika kwa mgonjwa mjumbe angali njiani anarudi. Misa yake ya alfajiri ilijaa wachuuzi na madereva, watu wenye shughuli zao, na walisema waziwazi kwamba wanampenda kwa sababu kwake hakuna mtu anayechelewa kazini. Na ndugu mmoja alipofariki, yeye ndiye aliyechukua sahani. Pale kwao, mmonaki akifa, mahali pake mezani huwekwa msalaba mdogo, na mwezi mzima chakula chake hupakuliwa kama vile angekuja kula. Kisha sahani hupelekwa getini na kupewa mtu wa kwanza anayefika. Padri Mbio aliwapelekea wafu wengi sahani zao, na mchuzi mwingi ulimwagika njiani.

Lakini mahali pa taabu yake palikuwa kanisani. Watawa wale huimba zaburi kwa pande mbili, upande huu aya hii, upande ule aya inayofuata. Na katikati ya kila aya wana kituo. Wote hunyamaza kwa kiasi cha pumzi moja, halafu huendelea kwa pamoja. Kituo hicho hakina wa kukiongoza wala alama ya kukikatisha. Kila mtu hukisikia kwa mwenzake. Padri Mbio hakukisikia. Kila siku, mara kadhaa kwa siku, wote wakiwa wamenyamaza, sauti moja ilichomoza peke yake kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Kisha ilinyamaza, nayo ilionekana kuona haya.

Aliyekosea hupiga magoti kidogo mahali pake, ndiyo desturi. Padri Mbio alipiga magoti hadi kanzu zake zote zikaisha magotini. Naye jirani yake wa kulia, aliyeingia monasterini baada yake kwa wiki moja na hivyo kupangwa ubavuni mwake maisha yote, kanisani, mezani, katika maandamano, alibuni njia ya kumsaidia. Kituo kikianza, alimgusa mbavuni kwa kiwiko. Kituo kikiisha, alikiondoa. Ndugu wakamwita jirani huyo Padri Kiwiko, na wawili hao wakazeeka hivyo, mmoja akisukuma, mwingine akisukumwa.

*

Chumba cha wagonjwa kilikuwa na dirisha moja lililotazama uwanja wa tanuri. Kaka mtu alilala amegeuzwa upande huo. Mkunga aliona tumbo lililoingia ndani na vidole vilivyokuwa vikitembea juu ya shuka. Akajua. Alishazoea kuukisia mwili unahitaji muda gani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umenenepa."

"Na wewe umekonda kwa niaba ya ukoo mzima."

"Chai umekunywa?"

"Sijakaa hata kitini!"

"Basi kaa. Huyo jitu mlangoni ndiye mwanao? Mwambie aingie, ataziba hewa."

Fundi magari aliingia, akamwamkia mjomba wake, akasimama kama mtu aliye katika duka la vyombo. Mjomba alimuuliza pikapu inakula mafuta kiasi gani, akajibiwa, akasema inakula kuliko yeye. Halafu kijana alitumwa kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, ndugu wawili wakabaki.

"Kaka. Mama aliniachia neno."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Unadhani alikwambia wewe tu? Kila nilipokuja alinionyesha hadi pa kuweka kichwa. Ananiambia, jaribu kulala tuone kama utaenea."

Walicheka, kicheko cha kaka kikageuka kikohozi, dada akamwinua mgongo hadi kikapita. Akamlaza. Akaona afadhali aseme sasa.

"Nimepatunza. Pako vilevile. Abate amesema uamuzi ni wako. Unasemaje?"

Alisubiri jibu limrukie usoni, kama kawaida. Halikuja. Uwanjani mtu alikuwa akigonga ungo ukutani, akiukung'uta unga. Ule mkono wa kaka uliacha kutembea.

"Nitakujibu kesho," alisema.

"Wewe? Kesho?"

"Kesho, mama mkunga. Usinivute kabla ya wakati."

Kesho yake, kabla ya kifungua kinywa, hakuweza tena kusema. Bruda mwuguzi alipiga kengele ndogo ya ukumbini, na watawa wakaanza kuingia mmoja mmoja, wengine na unga mikononi, mmoja na udongo wa bustani viatuni. Wakajipanga pande mbili za kitanda. Padri Kiwiko, ambaye siku hizo alitembelea magongo, aliletewa kiti upande wa kulia. Mkunga alibaki miguuni, mkono wake juu ya unyayo wa kaka yake, uliokuwa umeanza kupoa.

Wakaimba zaburi. Polepole, kwa sauti ya chini, nusu aya, kisha kimya. Midomo ya mgonjwa ilikuwa ikicheza. Hakukuwa na sauti, lakini dada aliiona ikitangulia. Kituo kilipofika wote walinyamaza, na ile midomo ilikuwa tayari imeshashika nusu ya pili. Wazee wawili watatu waliiona pia, mmoja akauma mdomo asicheke, na chozi likamtoka papo hapo.

Padri Kiwiko akainama kutoka kitini. Akaingiza kiwiko chini ya shuka, akakiweka mbavuni mwa mwenzake. Hakumsukuma. Alikiweka tu, akakiacha pale.

Aya iliyofuata, nusu ya kwanza. Kituo. Midomo ilisimama. Mkunga alizoea kusubiri pumzi ya kwanza ya mtu, akiwa ameinama, ameziba yake mwenyewe. Sasa alijikuta amefanya hivyohivyo. Sauti ziliingia zote pamoja kwa nusu ya pili, na unyayo chini ya mkono wake ukawa umeshaachwa.

*

Simu ilianza kuita saa ileile. Wazee wa ukoo walikuwa wamekusanyika.

"Tuchimbe?" aliuliza ba' mdogo wake, mzee wa kupenda mambo yaishe.

"Ngojeni kidogo, ba' mdogo."

"Tungoje nini? Alikwambia nini mwenyewe?"

"Alisema atanijibu kesho."

"Sasa kesho si ndiyo leo? Na amenyamaza. Aliyenyamaza amekubali. Mama yako alisema, sote tulisikia. Mlete mtoto wa watu."

Mwanawe naye alikuwa ameshapima nyuma ya pikapu kwa mikono. "Jeneza litaenea," alimwambia, "tukiondoa godoro. Tukitoka kabla ya saa nane tutafika na mwanga."

Mkunga alitoka nje kutafuta mahali pasipo na mtu wa kumdai jibu. Akakuta benchi ukutani mwa tanuri, ukuta ungali na joto. Hajakaa vizuri, akasikia magongo. Padri Kiwiko alikuja akashuka kando yake kwa hatua zake zote, kama mtu anayeteremka ngazi.

"Wewe ndiye dada mwenye gari."

"Gari ni la mwanangu, padri."

"Mchukue tu. Mbavu zake zimenimalizia kiwiko." Alikunja mkono wa kanzu akamwonyesha. Kulikuwa na sugu kweli, nyeusi, kubwa kama kifungo cha koti. "Hapa kwetu tunazikwa kwa mpango uleule wa kuingia. Kila mtu anajua pake. Mimi nalala kulia kwake. Ukimwondoa, nitasogezwa karibu na yule wa kushoto, na huyo alikuwa anakoroma hata akiwa macho."

Mkunga alicheka bila kutaka. Mzee hakucheka.

"Alifungasha mara tatu, unajua?"

"Alifungasha nini?"

"Virago vyake. Miaka ile ya mwanzo. Mikate haiumuki, zaburi hazikai, ndugu wamemchoka, na yeye ametuchoka. Mara tatu nilimwona na begi akikata uwanja huu huu. Nilikuwa mvivu wa kumzuia, nakuambia ukweli. Nilisema moyoni, nenda, tupumue. Kila mara alifika getini, akasimama, akarudi. Mara ya tatu nikamuuliza: mbona unarudi? Nani kakushika?"

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Kuna mtu nilimwacha amekwenda kutafuta maziwa. Siwezi kuwafanyia watu jambo hilo mara ya pili.'" Mzee alishusha mkono wa kanzu taratibu. "Mimi sikujua ni maziwa gani. Nilidhani anasema mambo ya kitabu. Mpaka jana nilipowasikia mnacheka nikajiuliza, labda huyu dada yake anajua."

Mkunga alitazama uwanja ule. Haukuwa mrefu, mtoto angeuvuka kwa mkupuo mmoja. Huku tanuri, kule geti, katikati changarawe. Alimwona kijana mwenye begi akienda na kurudi juu yake. Kaka huyu aliyemdhania amewakimbia hadi kufa, kumbe wakati wote alikuwa amekaa, na aliyekuwa akingojewa ni mama. Mikate yote ile ilimngojea mama arudi na birika lake.

Akafikiria pikapu. Akafikiria kumpakia, kulipita lile geti, geti alilokuwa amelishinda mara tatu, na sasa alivushwe akiwa hana mguu wa kukataa. Mama alitaka alale mahali ambapo hatakimbia. Mahali hapo alikuwa amejitafutia mwenyewe.

Lakini ahadi ni ahadi, na aliitoa kwa mdomo wake, mkono ukiwa ndani ya mkono. Ilimuuma. Alikaa nayo hadi ukuta ulipopoa mgongoni. Padri Kiwiko alikaa naye.

Kisha akampigia ba' mdogo wake. "Rudisheni majembe. Atalala huku."

Kelele za upande wa pili zilisikika hadi kwa mzee. Mkunga aliiweka simu mbali na sikio, akaingoja ichoke.

"Na mama yako utamwambia nini?" ndiyo maneno yaliyobaki.

"Nitaelezana naye nikifika, ba' mdogo. Yule naye anajua kusubiri."

*

Walimzika siku ya pili yake asubuhi, kushoto kwa nafasi tupu ya Padri Kiwiko. Wachuuzi na madereva wa Misa ya alfajiri walifunga shughuli zao wakaja. Mazishi yalikuwa marefu, zaburi zote na vituo vyake vyote, na dereva mmoja alisikika akimwambia mwenzake kwamba mwenyewe angekuwepo wangekuwa wameshafika kazini. Katikati ya aya hakuna aliyechomoza. Watawa walionekana kukiacha kila kituo kirefu zaidi ya desturi, kana kwamba kuna mtu wanampa nafasi.

Walipoaga, jua lilikuwa limeshapita utosi. Pikapu ilifika getini ikasimama, kwa kuwa bruda bawabu alikuwa katikati ya njia, ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, anaangalia barabara huku na huku. Barabara ilikuwa tupu.

"Bruda, vipi?" mkunga aliuliza dirishani.

"Ni sahani ya Padri, mama. Siku zote wapo watu hapa, leo walikuwa mazikoni, wamekwenda zao. Inapoa."

"Si ni ya mtu wa kwanza anayefika getini?"

"Ndiyo."

"Mimi nafika au natoka?"

Bawabu aliwaza. Lilikuwa swali ambalo kanuni haikulitazamia. "Gari linatoka," alisema mwishowe. "Wewe, mama, ukishuka, nitaona umefika."

Akashuka. Kulikuwa na benchi la saruji kando ya geti. Akakaa, akapokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka magotini. Hakuifunua mara moja. Alipoifunua, mvuke ulimpanda usoni. Harufu ilikuwa ya maharage tu, na kabichi, na kipande kinene cha mkate.

"Mama," mwanawe alisema kutoka ndani ya gari, injini ikinguruma, "giza litatukuta njiani. Si ungekula tunakwenda?"

"Zima gari."

Akazima. Mkunga akala. Alikula kama mtu aliyetumwa kula, punje kwa punje, hakuacha kitu pembeni, na bawabu alitazama kwingine kwa heshima. Maharage yakaisha, kabichi ikaisha. Mwanawe alifungua mlango, akaweka mguu mmoja chini.

"Tayari?"

"Bado kuna mkate," alisema, akaumega, akaanza kupangusa sahani, polepole, akianzia ukingoni.